Begi la kwenda nyumbani: lipime likiwa tupu

Kutoka: wa Nachingwea

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku. Mwezi wa kumi na mbili nakwenda nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nije Ujerumani, mwaka wa nne huu. Natua Dar, halafu naunganisha ndege ya Mtwara. Tiketi inaniruhusu begi moja la kilo 23 na mzigo wa mkononi. Nimepita madukani nimekuta masanduku magumu yanayong'aa ya kila bei, nimebaki nimeduwaa. Lipi litafika Nachingwea na kurudi likiwa zima?

Kutoka: wa Mikindani, sasa Hamburg

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya safari. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili limeshanitoa machozi uwanjani.

Usianze na rangi wala na kung'aa. Nunua kwanza mizani ya mkononi, ile ya kuning'iniza yenye ndoano, uende nayo dukani. Inua begi likiwa tupu usome. Masanduku mengi makubwa yana kilo 4 na nusu hadi 5. Mengine ya ukubwa uleule hayafiki kilo 3. Hizo kilo mbili za katikati ni kilo mbili za korosho za mama yako ambazo utaziacha kaunta ukirudi, mbele ya watu, sanduku likiwa wazi sakafuni. Pima pia kwa utepe wa kupimia: urefu, upana na kina, pamoja na matairi na mpini, ukivijumlisha visizidi sentimita 158. Mashirika mengi yanatumia kipimo hicho.

Sasa ugumu. Sanduku langu la kwanza lilikuwa la plastiki ya ABS. Ni rahisi, linapendeza, na ukiligonga linatoa sauti kama ubao. Narudi huku nikaweka ndani kinyago cha mpingo, kile cha watu waliobebana, alichonipa baba mdogo. Nikakisimamisha kwenye kona, karibu na tairi, nikazungushia vifuko vya korosho. Mpingo mnaujua, ukiutupa majini unazama. Sanduku lilipoangushwa, halikupasuliwa na sakafu. Lilipasuliwa na kinyago kutoka ndani. Nimesimama kwenye mkanda wa mizigo naona korosho zinakuja mbele, moja moja, zinazunguka peke yake, na sanduku linafuata nyuma na ufa kutoka kona hadi mahali palipokuwa na tairi. Tairi lenyewe sikuliona tena.

Ndipo nilipojifunza tofauti. ABS ni ngumu lakini ikipigwa sana inapasuka. Polikaboneti, plastiki nyingine, inabonyea kisha inarudi. Dukani lilaze sanduku, weka kiganja katikati ya kifuniko, bonyeza kwa uzito wa mwili. Likibonyea na kurudi bila alama, hilo lina uhai. Likikataa kabisa, au likiacha mstari mweupe, liache. Soma na kibandiko cha ndani, maana mengi yameandikwa polikaboneti kwa herufi kubwa kumbe ni mchanganyiko na ABS. Polipropilini, nayo ni plastiki, ni nyepesi na inavumilia. Aluminiamu ni nzuri kwa macho, lakini inakula kilo zako kabla hujaweka hata soksi.

Pamoja na hayo yote, kwa njia yetu mimi siku hizi natumia begi la kitambaa cha nailoni nene, lenye matairi mawili. Matairi manne yanateleza vizuri kwenye marumaru ya uwanja wa ndege, lakini yamening'inia nje, ndiyo ya kwanza kung'oka, na kwenye mchanga wa kwetu hayaendi. Mawili makubwa yaliyozama ndani ya begi unayavuta hata kutoka kituo cha basi mpaka uani. Kitambaa pia kinakubali kusukumwa kwenye buti la basi katikati ya magunia. Ubaya wake ni maji. Kusini mvua ni msimu mmoja, na mwezi wa kumi na mbili wewe unaingia nayo. Begi likilazwa nje lisubiri kupakiwa, litalowa. Nguo zifunge ndani ya mfuko wa turubai mwepesi. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa usiende nayo, nchini Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Zipu nayo iangalie. Chukua kalamu ya wino, ichomeke katikati ya meno ya zipu iliyofungwa, sukuma. Zipu dhaifu inafunguka palepale, kisha ukirudisha vishikio viwili huku na huku inajifunga tena kana kwamba hakuna mkono uliopita. Kufuli haisaidii kitu hapo. Tafuta yenye meno makubwa na kitambaa kilichoshonwa mara mbili pembeni.

Ukinunua begi lenye betri ya kuchajia simu, hakikisha betri inachomoka, na uingie nayo mkononi. Betri za akiba haziendi kwenye mzigo wa chini kabisa.

Na likivunjika, usitoke uwanjani. Mimi nilitoka kwa uchovu na aibu, nikaandika baada ya wiki mbili, nikajibiwa nimechelewa. Walikuwa na haki ya kusema hivyo: Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unataka malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Begi likichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Nenda dawati la mizigo palepale, piga picha, na kile kibandiko cha namba wanachokupa kaunta usikitupe.

Kutoka: wa Lindi mjini

Nimuunge mkono dada, na niongeze mawili matatu kwa huyu kijana.

Kwanza, kama tiketi ya Dar na ya Mtwara umezikata mbali mbali, begi lako halivuki lenyewe. Unalichukua Dar, jengo la tatu, unatoka nalo hadi jengo la pili kwenye ndege za ndani, unalipima upya. Soma kilo za tiketi ya pili kabla ya kujaza. Usitegemee zile za kwanza.

Pili, mzigo wa mkononi. Kile kisanduku kigumu cha sentimita 55 kilichoingia vizuri kwenye ndege kubwa, kwenye ndege ndogo kama Bombardier Q400 au ATR hakiingii juu, makabati ya juu ya viti ni madogo. Kitachukuliwa mlangoni kishushwe chini. Kwa hiyo dawa, paspoti, simu na betri weka kwenye mkoba unaoweza kuutoa haraka. Mimi wa Lindi ndiyo njia yangu kila mwaka, natua Mtwara halafu nashika barabara zaidi ya kilomita 100 kurudi nyuma, na begi la bega ndilo limeniokoa.

Tatu, vya kurudi navyo. Korosho kaange kabisa, zifunge vizuri. Ming'oko mibichi, vile viazi vya porini vya kwetu, usijaribu: tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda na mzizi mbichi. Yaliyoachwa ni matano tu, na nazi ni mojawapo, kwa hiyo nazi beba. Nyama usiweke. Mpingo upo kwenye orodha ya miti inayolindwa kimataifa tangu 2017, lakini kinyago kilichokwisha kuchongwa kinapita bila kibali mradi mpingo wote kwenye mzigo wako hauzidi kilo 10. Kilaze katikati ya begi, ukizungushie khanga na mashuka pande zote, kisiguse ukuta.

Kutoka: wa Nachingwea

Asanteni sana wakubwa wangu. Jana nimenunua mizani, nikarudi lile duka. Sanduku nililolipenda lina kilo 5.1 tupu, na kiganja kimeliachia mstari mweupe, muuzaji akaja haraka. Nimechukua la nailoni, matairi mawili, kilo 2.7. Zipu nimeichoma kalamu mara tatu, imekataa. Dada wa Mikindani, mama anauliza kama na wewe akuletee korosho kidogo, kilo zipo.