Jioni ya kumkumbuka Tom Petty hapa Nairobi: magitaa mawili ya nyuzi sita yanatosha?

ngara_sita
Wadau, habari zenu. Tuko wanne: magitaa mawili ya nyuzi sita, besi na ngoma. Ukumbi ni mdogo, watu kama hamsini, na tarehe tunayoilenga ni 2 Oktoba, siku aliyofariki Tom Petty, mwanamuziki wa roki wa Marekani, mwaka 2017. Tumechagua Free Fallin', I Won't Back Down, Learning to Fly, Refugee na American Girl.

Gitaa la nyuzi 12 hatuna, na bei yake hatuiwezi. Kuna njia ya kuupata ule mlio? Kapo (kibano cha shingoni mwa gitaa) ya Free Fallin' inakaa wapi hasa, maana kila ukurasa wa kodi (za gitaa, si za nyumba) una lake? Nyimbo zipangwe vipi? Halafu kuna ampu (kikuza sauti cha gitaa) ya Kimarekani ya kuazima, nyuma imeandikwa 120V. Itafaa?

kapo_na_uzi
Naanza na kapo, kwa sababu ndiyo inayogombanisha watu. Wimbo uko kwenye ufunguo wa F. Ukiweka kapo freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo) ya 3 unatumia maumbo ya D: D yenyewe, Dsus4 (kidole kidogo kinaongezwa freti ya tatu ya uzi wa kwanza, ukihesabu kutoka kwenye kapo), kisha Asus4. Wanaosema freti ya 1 nao hawadanganyi, ila wao wanatumia maumbo ya E. F ni ileile.

Nyinyi mna magitaa mawili, kwa hiyo msichague. Mmoja apige freti ya 3 kwa D, mwingine freti ya 1 kwa E. Wa kwanza atalia juu na mwembamba, wa pili atajaza chini. Wote wawili wakipiga umbo moja mahali pamoja mtasikika kama gitaa moja lililoongezwa sauti, na hapo wimbo unakuwa mkavu.

Kapo ibanwe karibu kabisa na chuma cha freti, si katikati. Ikikaa mbali au ikibana kupita kiasi, nyuzi zinapanda na gitaa linatoka kwenye tuni ingawa lilikuwa sawa kabla. Tuni tena baada ya kufunga kapo, kila mara.

Mwimbaji akishindwa na kiitikio, ambacho kinapanda juu kweli, toeni kapo ya freti ya 3. Mtakuwa kwenye D, nusu toni tatu chini, bila kubadilisha umbo hata moja. Gitaa la pili nalo lihamie D, na mpiga besi aambiwe mapema. Huyo ndiye husahaulika, kisha watu wanashangaa kwa nini wimbo umeoza.

Mwendo ni kama mapigo 84 kwa dakika. Bendi nyingi hukimbia hapa kwa kuwa wimbo una nafasi tupu na nafasi tupu inatisha. Mpiga ngoma naye azuiwe kuongeza madoido. Albamu yenye wimbo huu, Full Moon Fever ya 1989, ilirekodiwa kwa sehemu kubwa kwenye studio ya gereji ya Mike Campbell, mpiga gitaa wa Petty, Jeff Lynne akiwa mtayarishaji pamoja nao, na ngoma alizozipiga Phil Jones ni za kunyooka tu.

nyuzi_za_juu
Kuhusu nyuzi 12: msinunue gitaa, nunueni seti moja ya nyuzi za gitaa la nyuzi 12, zile nyepesi. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za oktava (noti ileile, ngazi nane juu). Chukueni gitaa moja la akustika, ondoeni nyuzi nne nene, mfunge hizi badala yake: E ya chini weka 0.027, A weka 0.018, D weka 0.012, G weka 0.008 au 0.009. B na E ya juu zibaki za kawaida. Tuni zote nne oktava moja juu ya kawaida yake.

Gitaa hilo likipigwa peke yake linasikika kama kinanda cha mtoto. Likipigwa pamoja na gitaa la kawaida, kodi zilezile, mkono uleule, sikio linasikia nyuzi 12.

Yanayoharibika ni haya. Uzi wa G wa oktava unakuwa juu kuliko hata uzi wa kwanza, ndiyo maana hukatika kabla ya wote. Tuni polepole na muwe na akiba ya miwili au mitatu. Nyuzi nyembamba zitacheza kwenye vifereji vilivyochongwa kwa nyuzi nene pale juu kabla ya freti ya kwanza, kwa hiyo msizivute kwa nguvu pembeni. Na kwa kuwa mvuto umepungua, shingo inaweza kurudi nyuma kidogo na nyuzi zikaanza kugonga freti za mwanzo. Kwa usiku mmoja vumilieni. Msikimbilie kukaza wala kulegeza chuma cha ndani ya shingo.

Niongeze jambo ambalo wengi hawalijui: American Girl, wimbo ambao kila mtu huapa una nyuzi 12, hauna. Ni magitaa mawili ya kawaida, la Petty na la Campbell, yanayopishana. Hapa mtu aliyekulia kwenye benga ana mkono tayari, maana gitaa la pili linashika mzunguko wake bila kuyumba huku la kwanza likichokonoa juu. Tofauti ni kwamba kwenye benga gitaa la solo hujibu sauti ya mwimbaji. Hapa linabaki ndani ya kodi, linameta tu. Beti zinakwenda D, E, G, A. Hiyo E ni meja. Ukipiga Em kwa mazoea ya ufunguo wa D, wimbo unaingia huzuni ambayo haimo.

fundi_wa_fyuzi
Ampu hiyo msiichomeke ukutani hata kwa sekunde moja "kujaribu". Umeme wetu ni 240V. Bahati ikiwepo fyuzi inakufa. Isipokuwepo, transfoma ya ndani inaungua, na kuizungusha upya ni gharama kuliko kukodi ampu nyingine.

Tafuteni transfoma ya kushusha umeme, 240 kwenda 110 au 120. Luthuli Avenue zipo. Someni wati zilizoandikwa nyuma ya ampu, kisha mnunue yenye mara mbili au zaidi: ampu ya wati 180 ipewe transfoma ya 500. Zile ndogo za chaja na redio zitachemka katikati ya wimbo wa tatu. Kabla ya kuunganisha, pima tundu la kutokea kwa mita. Kibandiko peke yake si ushahidi.

Mkisikia mngurumo mzito, ampu na mitambo ya ukumbi huenda vinatumia soketi za mbali. Vitoeni umeme mahali pamoja. Kukata waya wa ethi ili mngurumo uishe ni kumwachia mwimbaji apigwe na umeme kupitia maikrofoni.

ngara_sita
Asanteni sana. Refugee bila ogani itakaa? Na mpangilio bado.

kapo_na_uzi
Itakaa. Ni F#m, A, E. Sehemu ya Benmont Tench, mpiga kinanda wa Petty, mwachieni gitaa la pili: kodi ndefu, kitufe cha sauti kikianza sifuri na kupanda taratibu kila kodi inapoingia.

bowl_ya_mwisho
Kwanza tarehe. Alifariki Santa Monica usiku wa 2 Oktoba, saa mbili na dakika 40 kwa saa za huko. Nairobi ilikuwa tayari 3 Oktoba, saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi. Kwa hiyo yeyote atakayesema mmekosea siku, mpeni hesabu hiyo muendelee. Mkitaka siku isiyo na msiba, alizaliwa 20 Oktoba 1950, Gainesville, Florida. Tarehe yoyote kati ya hizo iko mlangoni mwa mvua za vuli, basi msiweke vyombo uani bila turubai.

Atakayezungumza jukwaani asiseme ni moyo tu. Taarifa za mwanzo zilisema moyo ulisimama, lakini Januari 2018 familia ilitoa matokeo ya uchunguzi: mchanganyiko wa dawa, zikiwemo za maumivu kama fentanyl, kwa bahati mbaya. Alikuwa amezunguka na maonyesho 53 akiwa na nyonga iliyopasuka. Msimung'unye maneno.

Mpangilio: American Girl iwe ya mwisho, bila mjadala. Ndiyo aliyofungia onyesho lake la mwisho, Hollywood Bowl kule Los Angeles, 25 Septemba 2017, wiki moja kabla. Fungueni na I Won't Back Down: Em, D, G, na C kwenye kiitikio, kila mtu ataingia. Refugee ya pili. Learning to Fly katikati, na hapo kazi ni kupunguza: F, C, Am, G tangu mwanzo hadi mwisho, beti na kiitikio vilevile, kwa hiyo mkiingia wote wanne tangu mwanzo hamtakuwa na pa kwenda. Gitaa moja, kisha besi, ngoma beti la pili, halafu nyamazeni ukumbi uimbe. Kisha Free Fallin'.

Mwimbaji akiamka na mafua, dawa iko kwenye rekodi yenyewe: siku ya kuimba I Won't Back Down Petty alikuwa na mafua makali, George Harrison wa Beatles akanunua tangawizi, akaichemsha, akamwinamisha juu ya sufuria avute mvuke. Kisha akaingia kuimba.

nyuzi_za_juu
Jambo la ofisi: mwombeni mwenye ukumbi awaonyeshe leseni ya hakimiliki ya mwaka huu. Nyimbo za kigeni nazo zinalindwa na sheria yetu. Ulizeni pia kibali cha kelele kutoka kaunti, maana kanuni za NEMA (mamlaka ya mazingira) za 2009 zinabana zaidi usiku.

Na mkibakiwa na dakika nne, ongezeni Wildflowers, wimbo mwingine wa Petty, baada ya Learning to Fly. Besi na ngoma vikae kando. Hapo ndipo gitaa lenu lenye nyuzi za oktava litasikika vizuri kuliko mahali pengine popote.