Tupeane uzoefu: vidonge vya homoni moja, mwavimezaje bila kupitwa na saa?

UmmuBaraka: Asalaam aleikum dada zangu wa Amu (Lamu) na visiwani. Naomba leo tuzungumzie vidonge vya kupanga uzazi vya homoni moja, vile wapewavyo sana kina mama wanaonyonyesha. Havina estrojeni, ile homoni ya pili iliyomo katika vidonge vya homoni mbili, kwa hivyo havikati maziwa. Sharti lao ni saa ile ile kila siku, na pakiti ikiisha waanza nyingine kesho yake, hakuna wiki ya kupumzika.

Kazi yao kubwa ni kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite. Ute huo hulegea muda si mrefu baada ya siku kupita. Ndiyo maana vyenye homoni iitwayo levonojestreli, ukichelewa zaidi ya saa 3 wahesabiwa umekosa. Vyenye homoni ya aina nyingine, desogestreli, huvumilia kuchelewa kwa muda usiozidi saa 12, kwa kuwa huzuia na yai lisitoke. Basi soma pakiti yako, usifuate ya jirani.

Mimi nameza baada ya swala ya Isha. Huku kwetu wakati wake haupishani sana mwaka mzima. Nyinyi mwafanyaje?

MamaFaza: Mimi boti ndiyo iliyonifunza. Tulitoka Amu alasiri, tukakuta maji ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari tupitao, yamekupwa, ikabidi tungoje yajae. Nafika nyumbani usiku mwingi, saa yangu ya Maghribi imepita zamani. Nikameza pale pale, cha kesho nikameza kwa wakati wake wa kawaida, na siku 2 tukatumia kondomu, kama nilivyoelekezwa kliniki. Bwana alinuna kidogo, tukaelewana. Sasa vidonge vyakaa mkobani pamoja na kitambulisho.

WaLangoni: Yangu ni ya Ramadhani. Nilikuwa nameza asubuhi baada ya chai. Mfungo ulipokaribia niliuliza, nikaambiwa kumeza mapema hakuna neno, hatari ni kuchelewa. Basi siku moja kabla nilimeza cha asubuhi, na usiku ule ule baada ya Isha nikameza kingine, ikawa ndiyo saa yangu mpya. Idi ilipofika sikurudi tena asubuhi.

BintiShela: Kwangu tabu si saa, ni damu. Mwezi huu matone, mwezi ujao hakuna kitu, mwingine yaja mara mbili. Nikaambiwa ndiyo tabia ya vidonge hivi, hasa miezi ya mwanzo. Lakini mimi nasali, kila tone lanijia na swali: hii ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi? Nilimwendea mwalimu wetu wa darsa ya kina mama, akanielekeza kwa upole mkubwa. Jamani, tusione haya kuuliza! Shoga yangu aliviacha kimya kimya kwa ajili ya jambo hili, akashika mimba ambayo hakuwa tayari nayo.

NesiMstaafu: Wanangu, niongeze machache. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita tangu umeze, meza kingine. Ukianza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, kinga yaanza hapo hapo. Ukianza siku nyingine, kondomu kwa siku 2. Mwenye saratani ya matiti asivitumie. Havizuii Ukimwi. Na ukikosa siku zako kisha upate maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

WaMatondoni: Mama, mimi nanyonyesha, na wiki hii nimeanzishwa dawa za TB. Niendelee tu na vidonge?

NesiMstaafu: Dawa za TB usikose hata siku moja, mwanangu. Lakini ndani yake mna rifampisini, nayo hupunguza nguvu ya vidonge hivi. Baadhi ya dawa za kifafa na za Ukimwi hufanya vivyo hivyo. Kesho rudi kliniki uwaambie yote mawili. Sindano ya uzazi ya miezi 3 na koili ya shaba, ile iwekwayo ndani ya kizazi, haziharibiwi na rifampisini, watakusaidia kuchagua. Mpaka hapo, kondomu kila mara.