Nimerithi upanga wa babu wenye mawimbi, naomba kujua asili na thamani yake

Wakuu habari zenu. Babu yetu alifariki na kwenye kugawana vitu mimi nikapewa upanga wake, enzi za ujana alikuwa baharia na alichokuwa anasema ni kwamba aliununua Ufilipino, basi. Una makali pande zote, jumla kama sentimita 62, umepindapinda kama nyoka mpaka katikati afu kuelekea nchani umenyooka. Mpini wa mbao, kitako chake kama kichwa cha ndege, na chuma kinapoingia mpini kuna vibanio viwili vya shaba. Kuna jamaa ananiambia ni keris, yaani jambia la kisiwa cha Java kule Indonesia, na anataka anunue leo leo, sijamwelewa haraka yake. Kutu nimeshaanza kuitoa kwa msasa upande mmoja.

Mpenda Vyuma: Mkuu weka huo msasa chini sasa hivi!! Na sio wa Java. Keris ya Java ni nyembamba, ya kuchomea, mpini wake mdogo umeinama kama wa bastola. Wako ni kris ya Wamoro, watu wa Mindanao na visiwa vya Sulu kusini mwa Ufilipino, hizo ni nzito, za kukatia. Hivyo vibanio wanaviita asang-asang. Hebu angalia pale chuma kinapotanuka karibu na mpini, kuna mstari unakatiza?

Mwenye uzi: Nimemulika na tochi, upo, kucha inakwama kabisa.

Mpenda Vyuma: Safi sana. Hicho kipande kinaitwa gangya, zamani kilifuliwa peke yake ndo kikaunganishwa, baadaye karne ya 20 mafundi wengi wakawa wanachora tu mstari. Kwa hiyo dalili ni nzuri kwamba ni wa zamani, ila wataalamu wauone kwa macho kabla hujatamba na umri.

Bi Mnada: Mwanangu usimuuzie huyo jamaa. Tafuta kris zinazofanana zilizouzwa mnadani uone bei iliyolipwa, sio bei ambayo wauzaji wanaitaja, hizo mbili zinatofautiana sana. Mpini na ala ya asili yake vinapandisha bei, kuna chuma kina michirizi kama ya mbao na msasa unaiharibu, ndo maana wanunuzi wanakimbia vilivyosuguliwa. Pakaa mafuta ya cherehani kidogo kwa kitambaa laini. Kama kitako ni pembe ya ndovu usiuvushe mpaka kabla hujauliza sheria za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na picha yoyote ya babu akiwa nao itunze pamoja nao.

Mwenye uzi: Asante mama. Kitako ni mbao tupu. Picha ipo moja, kasimama kwenye meli kaushika, iko kwa shangazi, kesho naifuata.