Huyu bwana aliyechomoa ubao wangu wa mazoezi akautia chini ya tairi, leo simwachi

KochaWaLaini:
Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu bado vina tope, na nikingoja hasira zipoe sitaandika tena. Jina simtaji. Wa Houston wote mnamjua. Yule wa sauti kubwa, anayeijua kila kazi kuliko mwenye kazi. Harusini anamfundisha MC kushika maiki.

Leo jioni nilikuwa na watoto wa laini. Kwa wasiofuatilia futiboli ya Kimarekani, hao ndio wale 5 wa mbele: senta, gadi 2 na teko 2. Wanamlinda kwotabeki, yule mrusha mpira, wanamfungulia njia mkimbiaji, na ukimtoa senta anayeuanzisha mpira, wengine hata hawaugusi. Hakuna anayewapiga picha. Kazi yao iko miguuni, na miguu hiyo naifundisha mimi, bure, kwa mapenzi yangu.

Nina ubao. Mrefu, upana inchi 12, nimeununua kwa hela yangu na kuupiga msasa mpaka unaweza kumlaza mtoto mchanga. Mchezaji anasimama ubao ukiwa katikati ya miguu yake, anamsukuma mwenzake toka mwanzo hadi mwisho bila kuukanyaga. Akiukanyaga, ujue miguu imesogeleana, na aliyesogeza miguu anaangushwa hata na bibi kizee.

Basi mwamba kaja kumchukua mwanawe. Kasimama pembeni, kapaza sauti watoto wote wasikie: "Kocha, hawa wanene unawafundisha dansi ya nini? Mnene anasukuma tu!"

Wanene! Kuna dogo mmoja pale, leo ndiyo kwanza alimaliza urefu wa ubao wote, miguu imeachana vizuri, magoti yamekunjwa, alikuwa anatabasamu mpaka kwenye masikio. Aliposikia lile neno akainamisha kichwa, akaanza kuvuta jezi ifunike tumbo. Niliona kwa macho yangu ile mikono inavuta jezi.

Hilo ningelimeza. Bwana akaingia kwenye gari lake, akarudi nyuma, tairi likazama. Mvua imenyesha tangu mchana, kila mzazi kapaki kwenye lami, yeye kapaki kwenye nyasi. Akakanyaga mafuta mpaka tope likafika Louisiana. Akashuka. Akaja hadi katikati ya mazoezi, mtoto yuko zamu yake, akauchomoa ubao katikati ya miguu ya mtoto, akaenda kuuchomeka chini ya tairi. Hakuuliza. Hakusema samahani. UBAO WANGU. CHINI YA TAIRI.

Ukapasuka kwa mlio uliosikika Dallas.

Na waliomtoa ni nani? Hao hao "wanene". Wakainama, makalio chini, hatua fupi fupi, gari likatoka. Akaondoka bila hata kupiga honi.

Sasa nimwambie hapa hapa, maana najua anasoma. Ukirudi nyuma kumlinda kwotabeki, mguu wa nje unatangulia, wa ndani unafuata chini chini, haigusani wala haipishani. Ukipishanisha tu, yule anayekuja anakupita umesimama kwa mguu mmoja. Ukienda mbele, hatua ya kwanza ni fupi, inchi 6 hivi, na ya pili iwe imeshatua kabla hamjagongana. Mguu ulio hewani hausukumi kitu. Ni tairi lako lile lile, baba: injini unayo, ardhi hujaikamata.

Mwaka 2018 Eagles ya Philadelphia ilimchukua Jordan Mailata raundi ya 7 ya drafti, pale timu zinapogawana wachezaji wapya. Mwaustralia, katoka kwenye raga, hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli. Ukubwa alitoka nao Sydney, futi 6 na inchi 8. Kama mnene anasukuma tu, angeanza siku ya pili yake. Mechi ya kwanza ya ligi kaigusa 2020! Kocha Jeff Stoutland alikuwa anamjenga miguu. Februari 2025 kachukua Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa teko wa kushoto. Leo angekuwepo pale angeambiwa anacheza dansi.

Lakini chini ya tairi, wakuu. Mtoto kasimama, ubao uko katikati ya miguu yake!

Mtoto_wa_Temeke:
Nimesoma uzi mzima nikisubiri mtu afe. Kumbe mbao. Mkuu, nunua nyingine ulale.

KochaWaLaini:
Hujasoma. Aliuchomoa katikati ya miguu ya mtoto.

Nairobi_hadi_Minnesota:
Wueh! Hata kabla ya kumaliza aya ya kwanza nilishajua ni nani. Huyo alikuja huku kwa graduation ya binamu yangu akamwonyesha mpishi vile nyama choma hugeuzwa. Nyama ikaungua. Akaila.

MamaJunior:
Kocha pole, ila na wewe una lawama yako. Mwanangu yuko kwenye hiyo laini. Siku hizi jikoni anatembea kinyumenyume, makalio chini, mikono mbele. Juzi kabomoa mlango wa kabati. Nani analipa?

KochaWaLaini:
Dada, alikuwa na miguu upana wa mabega?

MamaJunior:
Nimeuliza NANI ANALIPA.

Nairobi_hadi_Minnesota:
Na kwa hizo hadithi za Mailata, msisahau sisi Wakenya tulimtoa Daniel Adongo kwa raga akaenda timu ya Colts 2013. Hakuna anayemtaja.

Mtoto_wa_Temeke:
Adongo hakuwa wa laini ya kushambulia, alikuwa upande wa kuzuia. Uzi wa watu unauchafua.

Nairobi_hadi_Minnesota:
Wewe umesema uzi ni wa mbao, sasa umekuwa mwamuzi?

PapaLushi:
Ndugu zangu, huyu bwana mnayemsema, ndiye aliyeazima turubai langu la kilio mwaka jana? Lilirudi na tundu la kupitisha mbuzi.

ShangaziWaSugarLand:
Turubai tu? Mimi sufuria yangu ya pilau, ile kubwa, alikuja kuichukua kwa ubatizo wa mwanawe. Mtoto sasa anasoma. Sufuria sijaiona.

MamaJunior:
Shangazi, sufuria ya vishikio vya shaba? Hiyo nimeiona! Ilikuwa kwenye arusi kule mjini Katy, watu wanachanganyia juisi.

ShangaziWaSugarLand:
JUISI?

KochaWaLaini:
Jamani, ubao umepasuka kati kati. Na kesho kutwa watoto wana mazoezi.

PapaLushi:
Kocha, ngoja kidogo. Shangazi, mfuniko wake una mpini uliofungwa na waya?

ShangaziWaSugarLand:
Ndiyo huo, waya niliufunga mwenyewe.

PapaLushi:
Uko kwangu. Aliuacha na turubai. Nilidhani ni wake, nafunikia pipa la maji.

Mtoto_wa_Temeke:
Sasa uzi umekuwa mtamu. Nasogeza kiti.

KochaWaLaini:
Mimi naongelea mtu aliyewaita watoto wanene halafu wakamsukumia gari!

ShangaziWaSugarLand:
Tumekusikia mwanangu, huyo hana adabu tangu zamani. PapaLushi, huo mfuniko usiuguse tena. Mwenye namba ya mkewe anitumie inbox sasa hivi, Jumamosi nina ugeni na sina cha kupikia.