Tupeane uzoefu: miungu walinzi wa vijiji vya Kusini mwa India na visa vyao

Mwanzilishi wa mada

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Wengi wetu tumewahi kuishi Kusini mwa India kwa ajili ya masomo, biashara au kumuuguza mgonjwa, na karibu kila aliyefika huko amepiga picha ya minara ya mahekalu makubwa ya Madurai au Thanjavur. Naomba leo tuyaache mahekalu hayo ya wafalme, tuzungumzie yale madogo ya vijijini, yaliyo mpakani mwa mashamba, chini ya mti au kando ya bwawa, ambayo mungu wake pengine hajulikani katika wilaya ya pili lakini wanakijiji humtaja kama mtu wa nyumbani. Kila mwenye kisa alichosimuliwa na mwenyeji akilete, pamoja na mazingira aliyokisikia.

Naanza mimi. Nikiwa mwanafunzi Tiruchirappalli, mwenzangu wa bwenini alinichukua kwao, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Pudukkottai. Kabla ya kuifikia nyumba ya kwanza tulipita kwenye kichaka ambacho hakuna anayethubutu kukata kuni ndani yake, na humo nikawaona farasi wa udongo wa kuchoma waliopangwa safu mbili, wengine wakinizidi kimo, na mwisho wa safu ameketi mungu Ayyanar mwenye masharubu mapana na macho makubwa. Niliambiwa kwamba usiku Ayyanar hupanda farasi mmojawapo akazunguka mipaka ya kijiji, akifukuza wezi, maradhi na pepo wabaya. Mtu aliyeweka nadhiri na akajibiwa, kwa mtoto, kwa mvua au kwa kupona, humtolea farasi mpya. Anayemfinyanga farasi huyo ni mfinyanzi wa kijiji, na mara nyingi mfinyanzi huyohuyo ndiye kuhani wa mahali pale. Jambo hilo lilinigusa, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba kuhani wa Kihindu ni lazima awe Brahmin, yaani mtu wa tabaka la juu la makuhani.

Pembeni husimama Karuppu, mlinzi mweusi mwenye panga lililopinda. Ayyanar hupewa wali, matunda na nazi, ilhali Karuppu huchinjiwa mbuzi na jogoo, na saa ya kuchinja ikifika pazia huvutwa mbele ya Ayyanar ili asiione damu. Asiyekula nyama na anayeila wanakaa uwanja mmoja, na kila mmoja anahudumiwa anavyotaka.

Mchangiaji aliyeuguza Vellore

Asante sana ndugu mwanzilishi. Mimi nilikaa Vellore karibu miezi minne nikimuuguza marehemu mama yangu, na mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa bibi mmoja mjane ambaye tulimwita Amma, kama walivyomwita majirani. Mwezi wa saba mjukuu wake alishikwa na tetekuwanga. Niliporudi kutoka hospitali nikakuta matawi ya mwarobaini yametundikwa mlangoni, na mtoto amelazwa juu ya majani yaleyale. Nilimwambia Amma kwamba kwetu nako mti huo ni dawa, na kwamba tunauita mwarobaini kwa kuwa husemwa unatibu maradhi arobaini. Alifurahi mno, akanikalisha kibarazani akaanza kunisimulia habari za Mariamman.

Mariamman ndiye mama wa mvua, na pia ndiye mama wa ndui na maradhi yote ya vipele. Katika Kitamili ugonjwa wenyewe huitwa kwa neno linalotokana na “mama”, wala hawasemi kwamba mtoto ameugua; husema kwamba Mama amekuja. Kwa hiyo hawamfukuzi. Humpoza, kwa maana joto la mwili wa mgonjwa ni joto la mungu mwenyewe, na mtoto akipona huogeshwa kwa maji yenye mwarobaini na manjano kama kumsindikiza mgeni mheshimiwa. Katika mwezi wao wa Aadi, unaoanza katikati ya mwezi wa saba, mahekalu yake hugawa uji wa ulezi kwa kila apitaye. Mama yangu, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akikataa kila chakula cha hospitali, aliunywa uji ule kikombe kizima, na mimi nikatoka nje nikalia.

Kisa alichonisimulia ni hiki. Renuka alikuwa mke wa mtawa aitwaye Jamadagni, na moyo wake ulikuwa safi kiasi kwamba kila asubuhi aliweza kufinyanga mtungi kwa mchanga mbichi wa mtoni na kuutekea maji bila ya mtungi kubomoka. Siku moja akaona ndani ya maji taswira ya kiumbe wa mbinguni aliyekuwa akipita angani, akavutiwa na uzuri wake kwa kitambo kidogo tu, na mtungi ukamwagikia mikononi. Mumewe akatambua, akamwamuru mwanawe Parashurama amkate mama yake kichwa. Renuka akakimbilia kwa mwanamke wa tabaka la chini, ambaye alimkumbatia ili amkinge, na pigo likawakata wote wawili. Baba aliporidhishwa na utii wa mwanawe alimwambia aombe alitakalo, naye akaomba mama yake arudishiwe uhai. Kwa haraka na machozi kijana akavikosea vichwa, na kichwa cha Renuka kikaungana na kiwiliwili cha yule mwanamke aliyemkinga. Huyo, alisema Amma, ndiye Mariamman. Ndiyo maana katika vijiji vingi kinachoabudiwa ni kichwa cha mungu peke yake, bila kiwiliwili.

Nilimuuliza kama ibada haikupungua baada ya ndui kwisha, kwa sababu mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya India alipatikana mwaka 1975, na ulimwengu mzima ukatangazwa kuwa huru mwaka 1980. Alinitazama kwa mshangao. Joto bado lipo, alisema, na mvua bado tunaihitaji.

Mchangiaji aliyesoma Karnataka

Naongeza kidogo tu. Upande wa Karnataka kisa hicho kinajulikana, lakini huko Renuka huitwa Yellamma, na hekalu lake kubwa liko kilimani Saundatti. Tofauti za namna hii zisitusumbue. Wenyeji wangu walizijua na hawakuona haja ya kuzipatanisha.

Mfanyabiashara wa korosho, Mtwara

Kazi yangu imenipeleka Kollam mara kadhaa, na mwaka mmoja mwenyeji wangu alinialika ukweni kwake Kannur, kaskazini mwa Kerala, wakati wa msimu wa teyyam, yaani ngoma za ibada za huko, ambao huanza mwishoni mwa mwaka baada ya mvua na kuendelea hadi karibu na mvua zinazofuata. Huko mungu hakai ndani ya jiwe pekee. Huvaliwa na mtu. Mchezaji, ambaye hutoka katika koo za tabaka la chini, hulala chali kwa saa nyingi akipakwa rangi usoni, huvikwa taji zito, kisha hupewa kioo; akijitazama, anayemwona si yeye tena. Kuanzia hapo hata mwenye shamba anayemwajiri siku za kawaida humwinamia na kumweleza shida zake.

Kisa kilichonikaa moyoni ni cha Pottan, mmoja wa miungu wa teyyam. Mwanazuoni mkubwa Shankara alikuwa akipita kwenye njia nyembamba, akakutana na mtu wa tabaka la chini, akamwamuru apishe. Yule mtu hakupisha, bali aliuliza: ukikatwa wewe hutoka damu, nikikatwa mimi hutoka damu, basi tofauti yetu iko wapi? Shankara akatambua kwamba aliyesimama mbele yake ni mungu mkuu Shiva mwenyewe. Maneno hayo huimbwa kila mwaka na wajukuu wa wale waliokuwa wakiamriwa kupisha, huku mchezaji akijilaza juu ya kilima cha makaa ya moto. Mimi niliyashuhudia kwa macho yangu alfajiri, na sijawahi kusikia hotuba yoyote juu ya usawa wa binadamu iliyonifikia namna ile.

Asubuhi hiyo tulikwenda Parassinikkadavu, kando ya mto, kwenye hekalu la mungu Muttappan, anayetolewa samaki na tembo la mnazi. Mbwa huingia humo kwa uhuru, kwa kuwa Muttappan alikuwa mwindaji na mbwa ni rafiki yake. Nilipokaribia, nikiwa na kofia yangu ya Kiislamu kichwani, hakuna aliyeniuliza chochote; niliwekewa chai, vipande vya nazi na kunde zilizochemshwa.

Mchangiaji, Kilifi

Kile kichaka kisichokatwa kuni kimenikumbusha misitu yetu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo nayo wazee wameilinda kwa makatazo hadi UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Naomba kumuuliza mwanzilishi: wale farasi wa udongo wakipasuka, nani huwatengeneza?

Mwanzilishi wa mada

Hakuna anayewatengeneza, ndugu yangu, na hilo nililiuliza mwenyewe kwa mfinyanzi. Alinieleza kwamba farasi hupakwa rangi ya macho mwisho kabisa, siku ya sikukuu, na hapo ndipo anapopata uhai. Kisha hubebwa kwa ngoma kutoka mtaa wa wafinyanzi hadi kichakani. Akishafika ameshakabidhiwa kwa Ayyanar, na mvua ikimla masikio, kisha miguu, si kazi ya mtu kumzuia asirudi kwenye udongo. Alinionyesha farasi aliyefinyangwa na babu yake, ambaye alikuwa amebaki shingo tu ikichomoza kwenye majani. Nyuma yake lilikuwa bwawa lenyewe ambalo udongo wake huchimbwa kila mwaka.