Diski ya tatu imekufa ndani ya laptopu ileile, na kampuni bado inaniambia niweke Windows upya

Wakuu, nimekaa na hasira hii siku tatu, leo naitoa. Laptopu moja, diski tatu. Ya kwanza ilikufa mwezi wa saba tangu niitoe mashine ndani ya boksi ikiwa mpya. Iliyoletwa badala yake ikadumu miezi minne. Hii ya tatu imefika wiki 11.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Diski ya kwanza ilikufa na harusi ya watu ndani yake. Kadi za kamera nilikuwa nimezifuta jana yake. Hilo ni kosa langu, nalikubali, na tangu siku ile kila faili langu lina nakala sehemu mbili, kwa hiyo habari za bakapu msiniletee, nimeshalipia. Nilikwenda mwenyewe kwa bibi harusi kumwambia kwamba ile video ya baba yake akimkabidhi kwa mumewe haipo tena. Hakunigombeza. Alikaa kimya akiangalia chini, mpaka mimi mwenyewe nikaaga.

Sasa sikieni ilivyokuwa. Nilisikia tak, kimya, tak, kimya, kama mtu anayegonga kucha mezani. Mwenye kuzijua diski za kuzunguka anaujua mlio huo: mkono unaobeba kichwa cha kusomea unatafuta alama kwenye sahani, hauzipati, unarudi ulikotoka na kujaribu tena. Kichwa hicho huelea nanomita chache tu juu ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kikishaharibika kinaweza kuikwangua sahani, na kila unapowasha unazidi kukipa nafasi. Diski inayolia hivyo huzimwa, ikaachwa, mpaka ifike kwa mtu wa kuokoa data.

Nilipopiga simu, mhudumu aliniambia niwashe na kuzima mara 10 "ili tuthibitishe tatizo". Wakati huo sikuyajua haya ninayowaandikia, nikamtii. Mara ya sita mlio uligeuka ukawa wa kukwaruza. Mara ya tisa sahani hazikuzunguka kabisa. Huyo ni mtu aliyewekwa na kampuni inayotengeneza kompyuta, na alinielekeza kumalizia kile ambacho labda kingeokolewa. Hili sitalisamehe.

Kisha wakataka diski mbovu irudi kwao, la sivyo hakuna mpya. Nikawauliza: humo kuna sherehe za watu, nyuso za watoto wao, nani atazifuta? Jibu lilikuwa ni utaratibu. Nikarudisha.

Hiyo "mpya" ilipokuja ilikuwa na kibandiko juu ya kibandiko. Nikaifunga na kusoma ripoti ya SMART, ile kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Saa za kuwashwa: 6,214. Siku ya kwanza mikononi mwangu! Hiyo ni sawa na miezi minane na nusu ya kufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Ndiyo nikaelewa diski zinazorudishwa huenda wapi: zinakarabatiwa, kisha anapewa mtu mwingine anayesubiri kama mimi. Ripoti ile nikawatumia. Wakajibu kwamba sehemu zilizokarabatiwa zina ubora uleule.

Ila shida yangu kubwa si ukuukuu wa diski. Tangu ya pili nimekuwa nikiandika namba kila Jumatatu, na namba hizo zinaonyesha kwamba muuaji ni mashine. Kipengele cha 5 cha ripoti ya SMART, sekta zilizohamishwa (vipande vidogo vya sahani vilivyoharibika, diski ikatumia vya akiba badala yake), kilitoka 0 kikafika 312. Cha 197, sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na zinasubiri kuhukumiwa, kikapanda nacho. Cha 199, kinachohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine, kimebaki 0, kwa hiyo waya wala kiunganishi sivyo ninavyovishuku. Halafu angalieni cha 194, joto: 58, 61, 63. Diski nyingi za laptopu mwisho wake ni nyuzi 60 za Selsiasi. Diski yenyewe imekaa chini ya pale ninapopumzisha kiganja cha kushoto, na video ikishachakatwa nusu saa siwezi kukiacha kiganja pale. Feni ipo upande wa kulia. Upande wa kushoto hakuna hata tundu moja.

Haya yote nimeyaandika kwenye tiketi nne, yaani maombi ya msaada kwa kampuni, kwa wahudumu sita. Kila anayepokea anaanza upya: jina, namba ya kifaa, na "je, umejaribu kuweka Windows upya?" Niiweke juu ya nini? Diski haionekani hata kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine kabla ya Windows! Mmoja alisema nasababisha mwenyewe kwa kuhariri video, ilhali boksi lao limeandikwa ubavuni kwamba mashine hii ni ya wahariri wa video.

Na sasa jibu la mwisho: waranti imekwisha. Diski ya badala haianzi kuhesabiwa upya, inabeba siku zilizobaki za ile ya kwanza. Maana yake wamenibadilishia sehemu ileile mpaka muda ukaisha, bila mtu hata mmoja kufungua mashine na kuangalia kinachoziua.

Najua wengine mtaniambia ninunue SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka. Nitanunua, kazi haingoji, na angalau haina sahani ya kukwanguliwa. Lakini nayo nitaifunga palepale penye nyuzi 63, na gharama ni yangu kwa kosa la uundaji ambalo si langu.

Ninachodai ni mashine hii ichunguzwe joto na umeme wa volti 5 unaoilisha diski, na majibu nipewe kwa maandishi. Na nyinyi mnaotumia laptopu ambayo diski iko chini ya kiganja cha kushoto, fungueni SMART leo, muweke hapa namba za 5, 194, 197 na 199 pamoja na saa za kuwashwa. Nazikusanya zote, naziambatanisha kwenye tiketi ya tano.