Maktaba ya mtaa kwa kiwanja cha 50 kwa 100, watu wakutane na wengine wasome, inawezekana?

MwalimuWaArua
Habari zenu wandugu. Hapa Arua, Uganda, mzee mmoja ametupa kiwanja cha futi 50 kwa 100 tujenge maktaba ya mtaa, shida iko kwa ramani. Ile tumechorewa ni ukumbi mmoja mkubwa, meza katikati, rafu ukutani, na KIMYA imeandikwa mlangoni. Mimi nimesomea maktaba kama hiyo na najua inaishaje, wanafunzi wa S4 na S6 (sekondari mwaka wa nne na wa sita) wanajaa mitihani ya taifa ya UNEB ikikaribia, ikiisha anabaki mlinzi na vumbi. Mimi nataka mama wa sokoni aingie asomewe fomu yake, wazee wasome gazeti na wabishane, watoto wasimuliwe hadithi, na bado yule wa S6 afanye hesabu zake bila kusumbuliwa. Vyote vinaingia hapo kweli?

fundi_mbale
Mwalimu vinaingia, ila usianze na kuta, anza na kelele. Kelele mbele, kimya nyuma. Mbele kabisa baraza pana, hata mita tatu, na benchi ya kujengewa ukutani isiyoibika, hapo ndo wazee wako na gazeti lao. Inafuata sehemu ya watoto, halafu rafu ziwe katikati kama ukuta maana vitabu vinameza sauti sana, na chumba cha kusomea kiwe nyuma. Na tafadhali weka dari!! Niliwahi kujenga darasa tukaacha mabati wazi kuokoa pesa, mvua ya kwanza mwalimu akaacha kuongea akawa anaandika tu ubaoni, watoto wanamwangalia mdomo. Mpaka leo inaniuma. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, sisi tuko karibu na ikweta, ukiyaelekeza mashariki au magharibi jua la asubuhi na la jioni linaingia moja kwa moja.

dada_masaka
Mimi naongeza moja tu. Huku kwetu Masaka kuna maktaba ya Kitengesa, ilianza 1999 na sanduku la vitabu, jengo likaja baadaye. Kwa hiyo kaka yangu msingoje jengo, anzeni chini ya mti jumamosi hii, mtaona nani anakuja na anataka nini, halafu ndo mchore. Na choo, nakuomba, choo chenye maji, mama mwenye mtoto mdogo hakai mahali hakuna choo.

kijana_wa_kampala
Kule Helsinki, Finland, kuna maktaba inaitwa Oodi, ilifunguliwa 2018, vitabu wameweka ghorofa ya juu, ya kati ina studio za muziki na vyerehani, na ya chini ni ya watu kukutana tu. Najua pesa yao si yetu lakini cherehani hata Arua ipo, ukiweka mbili tu hapo barazani watu watakuja na vitenge vyao na wakisubiri zamu watashika kitabu. Halafu hapo jirani yenu Yumbe, kule makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, kuna kituo cha muziki na sanaa kimejengwa na matofali ya udongo ya kushindiliwa, hayachomwi kwa kuni, na paa lake linakusanya maji ya mvua. Nendeni muone kwa macho, dada maji ya choo si ndo hayo.

MwalimuWaArua
Asanteni sana, leo asubuhi tumeenda kiwanjani na kamba na vigingi tukapima baraza ya fundi. Mama anayeuza mihogo pale mbele akaja, akakaa chini pale tulisema benchi itakuwa, akauliza saa kumi jioni hapa si ni jua tupu? Ni kweli, barabara iko magharibi. Sasa kuna mwembe mkubwa upande huohuo, ramani ya kwanza ilikuwa inaukata, tumekubaliana unabaki na baraza inasogea chini yake. Fundi niambie, msingi ukae mbali kiasi gani na mizizi?